Kabla ya Kuuza Ng'ombe kwa Ajili ya Mshipa wa Shingo

Kuna dalili ya kiharusi ambayo watu huipuuza kwa urahisi kwa sababu inapita yenyewe. Mtu yuko shambani Dutwa au dukani mjini Bariadi, mkoani Simiyu, ghafla mkono wa kulia unakufa ganzi, jembe linadondoka, na akitaka kusema maneno hayatoki. Baada ya robo saa kila kitu kinarudi. Waliokuwa karibu wanasema ni jua kali, uchovu au njaa. Wengine wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mwenyewe anakunywa uji, anapumzika, na kesho yake anarudi kazini akiwa mzima kabisa.

Hapo ndipo muda wa kumwokoa unapoanza kupotea. Kile kilichompata ni kiharusi cha muda mfupi: damu ilikatika kwenda sehemu fulani ya ubongo, kisha njia ikafunguka kabla ubongo haujafa. Takwimu za Marekani za mwaka 2000, wakati matibabu ya haraka hayajazoeleka, zilionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 waliopata hali hiyo alipigwa na kiharusi kamili ndani ya miezi 3, na nusu ya hao ndani ya siku 2 za mwanzo. Madaktari wa Oxford, Uingereza, walipoanza kuwaona wagonjwa hawa siku ile ile na kuwapa dawa papo hapo, hatari ilishuka kwa takriban asilimia 80. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007, na dawa zenyewe hazikuwa za ajabu: za kuzuia damu kuganda, za kolesteroli na za presha.

Sasa kwa nini damu ikatike? Sababu ni nyingi, na makala hii inashika moja ambayo inaweza kutibiwa kwa kisu: kusinyaa kwa mishipa inayopeleka damu kichwani.

Ubongo unalishwa na ateri nne. Mbili za nyuma zinapanda ndani ya mifupa ya shingo. Mbili za mbele, zinazoitwa karotidi, ndizo kubwa zaidi, na kila mtu anaweza kuzihisi zikidunda kwa kuweka vidole taratibu pembeni ya koo, upande mmoja kwa wakati mmoja. Chini kidogo ya taya kila karotidi inagawanyika: tawi moja linakwenda usoni, jingine linaingia ubongoni. Katika njia panda hiyo mafuta, chembe za damu na chokaa hujijenga kuwa utando ukutani mwa mshipa kwa miaka mingi, hasa kwa mwenye presha, kisukari, kolesteroli nyingi au mvutaji wa sigara. Mshipa unasinyaa. Utando ule ukipasuka, damu inaganda juu yake, vipande vinabanduka na kusafiri kwenda juu.

Kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye usemi, karotidi ya kushoto ikileta shida mgonjwa hupooza kulia na kukosa maneno. Jicho ni tofauti: linapata damu kutoka karotidi ya upande wake, hivyo kipande kikiingia huko mtu anaona giza likishuka kwenye jicho moja kwa dakika chache, kisha mwanga unarudi. Anayepatwa na hilo mara nyingi hukimbilia dukani kununua dawa ya matone. Aende hospitali.

Wazo la kufungua mshipa wa shingo lina zaidi ya miaka 70. Tarehe 19 Mei 1954, katika hospitali ya St Mary's mjini London, madaktari wa upasuaji Eastcott na Rob, wakishirikiana na Profesa Pickering, walimpasua mwanamke wa miaka 66 aliyekuwa amepatwa na vipindi 33 vya kupooza na kukosa usemi ndani ya miezi michache. Waliupoza mwili wake ili ubongo uvumilie dakika za kukosa damu, wakakata sehemu iliyosinyaa ya karotidi na kuunganisha ncha zilizobaki. Vipindi vile vikakoma. Mjini Houston, daktari DeBakey alikuwa amefanya upasuaji wa namna hiyo mwaka 1953, na habari za London zilipotoka katika jarida la Lancet, madaktari wa nchi nyingi waliichukua njia hiyo.

Siku hizi mshipa haukatwi kipande, unasafishwa. Mgonjwa analazwa chali, kichwa kimegeuzwa upande mmoja. Wengine wanalazwa usingizi kabisa. Wengine wanachomwa ganzi ya shingo tu na kubaki wanaongea na daktari, na utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2008 haukuona tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili. Daktari anachana ngozi kando ya msuli mkubwa wa shingo, anaifikia karotidi, anampa mgonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha anaibana juu na chini. Akiona ubongo haupati damu ya kutosha kutoka mishipa mingine, anapitisha mrija mwembamba wa kuvusha damu wakati kazi inaendelea. Anaupasua mshipa kwa urefu, na pale ndani unaonekana ule utando wa manjano, mgumu, wakati mwingine wenye damu iliyoganda juu yake. Anaubandua taratibu mpaka ukuta unabaki laini. Kisha anaushona mshipa, mara nyingi kwa kuweka kiraka ili usisinyae tena, na kuachia damu ipite. Kazi yote huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili na zaidi kidogo. Kwa maelezo inasikika rahisi. Uhai wa mgonjwa unategemea mikono iliyozoea.

Njia ya pili haichani shingo. Waya mwembamba unaingizwa kupitia mshipa wa kwenye kinena au mkono, unapandishwa mpaka shingoni, na kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti kinafunguliwa pale palipobana. Kwa watu wa zaidi ya miaka 70, tafiti zimeonyesha kwamba stenti huleta viharusi vingi zaidi wakati wa matibabu kuliko kisu. Kwa wenye umri mdogo tofauti hiyo ni ndogo. Stenti humfaa zaidi yule ambaye shingo yake iliwahi kupasuliwa au kuchomwa mionzi, au ambaye moyo wake hauhimili upasuaji.

Je, inasaidia kweli? Jibu lililobadilisha tiba lilitoka Amerika ya Kaskazini mwaka 1991. Wagonjwa waliokwisha kupata dalili na ambao karotidi zao zilisinyaa kwa asilimia 70 hadi 99 waligawanywa makundi mawili. Ndani ya miaka 2, kati ya kila 100 waliotumia dawa peke yake, 26 walipata kiharusi cha upande ule ule. Kati ya waliopasuliwa walikuwa 9. Ni nadra upasuaji wowote kuonyesha faida kubwa namna hiyo.

Lakini faida hiyo ina masharti, na masharti ndiyo ambayo ndugu wa mgonjwa huyasikia wakiwa wamekwisha kuchelewa. La kwanza ni siku. Uchambuzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wakipasuliwa wagonjwa 5 ndani ya wiki 2 tangu dalili, kiharusi kimoja kinazuilika. Wakisubiri zaidi ya wiki 12, inabidi wapasuliwe 125 ili kuzuia kimoja. La pili ni kiwango cha kusinyaa. Chini ya asilimia 50, kisu hakina faida. Kati ya 50 na 69 faida ipo lakini ni ndogo. Na mshipa ulioziba kabisa, asilimia 100, kwa kawaida hauguswi; damu imekwisha kutafuta njia nyingine, na kuufungua kwaweza kuleta madhara kuliko kheri. La tatu ni ustadi: kwa mwenye dalili, kituo kinachostahili kufanya kazi hii ni kile ambacho wagonjwa wake wanaopata kiharusi au kufariki kutokana na upasuaji hawafiki 6 kati ya 100.

Aliyekwisha kupooza upande mzima kwa miezi kadhaa hatarudishiwa mkono wake kwa kusafishwa mshipa. Upasuaji huu unazuia kiharusi kijacho. Haufufui sehemu ya ubongo iliyokufa. Usukumani, ambako ng'ombe ndio akiba ya ukoo, hili linatakiwa kusemwa waziwazi kabla zizi halijafunguliwa. Mgonjwa wa namna hiyo fedha yake itamsaidia zaidi kwenye mazoezi ya viungo, vidonge vya kila siku na chakula.

Kuna jambo jingine ambalo makala nyingi zinazotoka Ulaya hazimwambii msomaji wa Afrika. Kwa Waafrika, kusinyaa kwa karotidi shingoni ni nadra zaidi kuliko kwa Wazungu. Kwa Mwafrika, mara nyingi kinachoharibika ni mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, inayochakazwa na presha ya miaka mingi, au mishipa ya ndani ya fuvu ambayo kisu cha shingoni hakifiki. Na viharusi vingine si vya kuziba, ni vya mshipa kupasuka na kuvuja damu. Kwa kijana wa miaka 25 au 30, damu iliyoganda yaweza kuwa imetoka moyoni, hasa kwa mwenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni.

Je, stenti haiwezi kufungua mishipa ya ndani ya fuvu? Ilijaribiwa. Utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 451 ulisimamishwa mapema mwaka 2011, kwa sababu ndani ya siku 30 asilimia 14.7 ya waliowekewa stenti walipata kiharusi au kufariki, wakati waliosimamiwa kwa dawa kali na mabadiliko ya maisha walikuwa asilimia 5.8. Tangu hapo, kwa mishipa hiyo, dawa ndiyo tiba ya kwanza. Anayeambiwa asafiri nje ya nchi kwenda kuwekewa stenti ndani ya ubongo ana haki ya kuuliza kwa nini, na kusikia maoni ya daktari wa pili.

Kwa mkazi wa Simiyu, basi, safari inaanzaje? Inaanza kwa kutazama saa. Ndugu aandike siku na saa dalili zilipoanza, upande gani ulilegea, na zilidumu dakika ngapi. Daktari wa kila ngazi atauliza hayo. Asimpe mgonjwa aspirini nyumbani, kwa sababu kama mshipa umepasuka aspirini itaongeza kuvuja. Asimpe vidonge vingi vya presha ili ishuke haraka, wala uji kama anashindwa kumeza, maana utaingia mapafuni. Zahanati inaweza kupima sukari, kwani sukari ikishuka sana mtu anaweza kulegea upande mmoja kama mwenye kiharusi. Baada ya hapo rufaa iandikwe siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anacheka na kusema yu mzima.

Kwa watu wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega, hospitali ya wilaya ni kituo cha njiani. Kwa walio Bariadi mjini, hospitali ya Somanda iko karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iko Nyaumata. Kipimo kinachotakiwa mapema ni CT scan ya kichwa, ili ijulikane kama ni kuziba au kuvuja. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikipeleka mashine hizo hospitali za rufaa za mikoa, lakini mashine huharibika, hivyo ndugu apige simu kwanza kuuliza kama inafanya kazi siku hiyo. Isipofanya kazi, asikae kuisubiri. Barabara ya lami kutoka Bariadi inapita Lamadi na Magu mpaka Mwanza, na Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mlimani juu ya jiji.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika: altrasaundi ya dopla ya mishipa ya shingo. Hakina maumivu wala mionzi. Mgonjwa analala, shingo inapakwa jeli ya baridi, mpimaji anapitisha kifaa chini ya taya na kusikiliza mwendo wa damu. Pale palipobana damu hukimbia kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa asilimia. Ndugu aliyefika Mwanza asirudi bila kuuliza swali moja: shingo imepimwa? Aulize pia kuhusu moyo, kwa ECG na altrasaundi yake, kwa sababu moyo unaodunda ovyo unahitaji dawa tofauti kabisa.

Ikiwa kipimo kimeonyesha kusinyaa kwa asilimia 70 hadi 99 na mgonjwa amepata dalili za upande unaohusika, rufaa inayofuata ni Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa (MOI) inashughulika na ubongo na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inashughulika na moyo na mishipa ya damu. Upasuaji wa karotidi si kazi inayofanyika kila wiki katika hospitali nyingi nchini. Ndiyo maana daktari aulizwe, kwa heshima lakini bila woga: mshipa umesinyaa kwa asilimia ngapi, ndio uliosababisha dalili zile, ameshafanya upasuaji kama huu kwa wagonjwa wangapi na walitokaje, na tarehe ya karibu ni lini. Daktari mzuri hakasiriki. Kusubiri foleni ya miezi 3 kunaondoa sehemu kubwa ya faida, na hilo liandikwe kwenye barua ya rufaa kwa maneno yanayosomeka.

Kuhusu gharama, mwenye bima aulize kabla ya kupanda basi kama kifurushi chake kinafika kwenye upasuaji wa mishipa na kama vibali vinatakiwa. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza aanzie ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali, akiwa na barua ya serikali ya kijiji. Kambi za madaktari bingwa wanaozunguka wilayani na huduma za tiba mkoba za Taasisi ya Moyo nazo zifuatiliwe redioni; mwenye presha sugu anaweza kupimwa moyo bila kulipa nauli ya Dar es Salaam.

Waliopasuliwa wana tabia ya kutaka kurudi nyumbani haraka. Wasipande basi la Bariadi siku mbili baada ya kutoka wodini. Saa 24 za kwanza presha inaangaliwa kwa karibu, na kwa siku kadhaa baadaye bado kuna hatari moja: ubongo uliozoea damu kidogo unapokea nyingi kwa mpigo. Kichwa kikianza kuuma sana upande mmoja, presha ikipanda au mgonjwa akitetemeka kwa degedege, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo. Ni vema akae kwa ndugu jirani na hospitali kwa wiki moja au zaidi. Sauti kukwaruza, ulimi kwenda upande au ganzi kwenye ngozi ya shingo hutokea kwa baadhi, na mara nyingi huisha kwa wiki au miezi. Uvimbe wa shingo unaokua na kubana pumzi hausubiri.

Watoto nao wamo. Kanda ya Ziwa ina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa wingi. Uchunguzi wa damu za watoto uliofanyika mikoa ya kaskazini magharibi ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020, wenye sampuli zaidi ya 17,000, ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba cha selimundu, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Selimundu husinyaza mishipa ya ubongo ya mtoto akiwa bado mdogo. Dopla maalumu ya kichwa inapima kasi ya damu, na ikizidi sentimita 200 kwa sekunde hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwa watoto hao kuongezewa damu kwa ratiba kunapunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Pale ambapo damu salama haipatikani kila mwezi, vidonge vya haidroksiurea ndivyo vinavyotegemewa, na Bugando imekuwa ikiwafanyia watoto wa kanda hii utafiti wa dopla na dawa hiyo. Upasuaji wa kuelekeza mshipa wa nje ya fuvu ukalishe ubongo upo, ila ni wa wachache ambao mishipa yao imeharibika sana. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu anayeanza kuburuta mguu, kuangusha vitu au kushuka ghafla darasani asidhani ni uvivu.

Kwa walio wengi kisu hakitahitajika kamwe, na kinga yao iko kwenye presha. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Presha, sigara, kolesteroli na VVU vilionekana miongoni mwa vyanzo. Bariadi inakua, na maisha ya mji yanaingia pamoja na chipsi, pombe na kukaa kutwa kwenye pikipiki.

Tatizo la Simiyu ni kwamba dawa ya presha hufuata msimu. Pamba ikiuzwa, vidonge vinanunuliwa. Kufikia Januari, fedha imekwisha, kopo ni tupu, na mtu anajisikia mzima. Presha haingoji mnada. Anayetumia dawa atenge fungu lake siku ile ile anapolipwa fedha ya pamba, alipe bima ya kaya kabla ya kununua bati au pikipiki, na apime presha kila mwezi kwenye zahanati ya karibu hata akijisikia vizuri. Na mkono ukifa ganzi hata kwa dakika tano, aende hospitali siku hiyo, si siku ya gulio.